Beseni la kuku ndilo lililooshea nyanya, sasa wananiambia nimerogwa!

Wandugu wa Bukavu, leo sinyamazi.

Jumapili ya wiki juzi tulialikwa kwa ndugu za mume wangu, upande wa Kadutu. Kuku wa kienyeji watatu, bugali, sombe, kachumbari. Niliwahi kufika ili nisaidie jikoni. Nikakuta kuku wamekwisha kunyonyolewa, wako kwenye beseni la plastiki, msichana anawamiminia maji kwa kopo kutoka juu, matone yanaruka hadi kwenye sahani. Maji yakamwagwa, beseni likasuuzwa kwa kikombe kimoja bila sabuni, nyanya zikaingia humo humo! Kisu kile kile, ubao ule ule. Nikaomba tubadilishe beseni. Wifi akanijibu mbele ya watu wote: "Kwenu munaoshaka na mashini?" Wakacheka. Nikanyamaza, na sijajisamehe.

Jumanne usiku mtoto wangu wa miaka 4 aliamka na homa, anaharisha. Kulipokucha, damu. Siku mbili amelazwa na serumu mkononi. Mimi pia niliharisha. Mume wangu, mzima! Ana vidonda vya tumbo, hali nyanya mbichi. Alikula paja zima la kuku akalala vizuri. Mnaelewa? Kuku alipita motoni akaiva. Kachumbari haikupita popote.

Nikawapigia simu. "Ni malaria tu." "Kuna mtu amewaroga." "Mbona hamkuugua siku ile ile?" Kwa sababu Campylobacter, bakteria wa kuharisha anayetoka kwa kuku, mara nyingi huchukua siku 2 hadi 5 ndipo akuangushe! Mwingine akasema kuku alioshwa na limau. Limau linaondoa harufu, haliwamalizi hao wadudu. Kuku huwabeba tumboni, wao na bakteria wengine, Salmonella, huku anakimbia uani mzima kabisa, humwoni na dalili yoyote. Utumbo ukipasuka kidogo wakati wa kumpasua, ngozi na nyama vimeshachafuka. Kummiminia maji ni kuwarusha tu kwenye sahani, kwenye meza, kwenye nguo zako.

Na msiniletee hadithi kwamba hayo ni maringo ya wazungu. Wazungu wenyewe wanaosha kuku: mwaka 2014 shirika la serikali ya Uingereza la usalama wa chakula lilifanya kampeni kuwasihi watu waache.

Kinachonichoma zaidi ni kisingizio cha maji. Najua robine inavyokauka, mimi pia napandisha mlima na bidoni. Lakini kuanza na nyanya na kumaliza na kuku kunakula maji gani ya ziada? Katakata kachumbari, funika, weka mbali, ndipo umguse kuku. Kama ni lazima kumtoa damu na vinyoya, mzamishe taratibu kwenye maji yaliyotulia, mbali na vyombo. Halafu mikono kwa sabuni, sekunde 20, si kuipangusa kwenye kitenge ambacho baada ya dakika tano unambebea mtoto! Kisu, ubao na beseni, sabuni na maji ya moto. Moto upo, si unasonga bugali?

Nyie wa kuku wa frigo pia, mnamwacha mezani ayeyuke tangu asubuhi mpaka jioni, nusu mnapika, nusu mnarudisha kwenye barafu. Ayeyukie ndani ya frigo, kwenye bakuli, chini ya vyakula vingine, maji yake yasidondokee kitu. Na apikwe mpaka nyama ya karibu na mfupa isiwe na wekundu. Mwenye kipimo cha joto atafute digrii 74 za Selsiasi.

Wifi, najua unasoma humu. Mmetualika tena Jumapili hii. Tutakuja. Nitabeba beseni langu na sabuni yangu, na mtoto wangu hataonja kachumbari ambayo sikuiona ikikatwa.