Hadithi tisa mkononi: jarida, tuzo au nichape mwenyewe?

Mwanagenzi: Wakuu, nina hadithi fupi tisa na akiba ya milioni moja na nusu. Nizipeleke moja moja kwenye majarida madogo, niingize mswada mzima kwenye tuzo, au niende kwa mchapaji?

BintiKojani: Mdogo wangu, mchapaji aje mwisho. Mwaka 2017 nilichapa nakala 500 kwa fedha yangu. Gundi ilikuwa hafifu, ukikifungua kitabu katikati karatasi inabaki mkononi. Maboksi bado yako chini ya kitanda. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna mhariri aliyekipitia: mhusika anaanza akiitwa Mwanaidi, anamaliza akiitwa Mwanahawa.

Baadaye nikapeleka hadithi moja kwenye jarida dogo la mtandaoni. Sikulipwa, lakini ilinirudia mara tatu. Mhariri aliniuliza, "Huyu mama amejuaje kuwa mwanawe amerudi? Amesikia nini?" Nikaweka kishindo cha ndoo ikitua uani. Hadithi ikapata uhai.

Wa Eastlands: Naunga mkono. Jarida la Kwani? lilianza hapa Nairobi 2003 na likawatoa waandishi wengi. Jalada nao, wenye jarida la mtandaoni, mwaka 2016 walichukua hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyoiandika kwa Kikuyu, wakaitoa kwa lugha zaidi ya 30. Kazi kubwa hiyo, na ni ya kikundi cha vijana! Shida ni kuwa majarida mengi ni ya Kiingereza, na mengine hutoa matoleo mawili yakanyamaza. Sisi wa Kiswahili tunastahili zaidi.

Msomaji_Tanga: Tuzo msizipuuze. Ile ya Safal, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ni ya Kiswahili tupu, na ina fedha za maana. Ipo pia Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, ya Tanzania. Ila soma masharti kwanza, maana pengine hadithi iliyokwisha kutoka jaridani haipokelewi.

BintiKojani: Na jarida likikubali, uliza haki. Wape ruhusa ya kuitoa mara ya kwanza tu, hakimiliki ibaki kwako. Bila hivyo, siku ya kukusanya kitabu utaomba ruhusa ya kutumia jasho lako mwenyewe.

Mwanagenzi: Basi mbili naanza nazo jaridani, saba nazitunza kwa ajili ya tuzo. Akiba siigusi. Dada, hiyo ya ndoo naweza kuisoma wapi?

BintiKojani: Nakutumia kiungo inboksi sasa hivi. Nawe nitumie moja yako, nitaisoma kwa kalamu.