Tupeane uzoefu: maabara ya fizikia ilikutoaje jasho?

Wadau, mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza chuoni, jana karudi na karatasi ya jaribio la mnato, yaani uzito wa kimiminika katika kutiririka, amenuna. Nikakumbuka yangu. Tulidondosha gololi za beringi, nusukipenyo milimita 1, kwenye silinda ya gliserini, tukipima muda wa kushuka sentimita 20. Kwa mnato wa kitabuni, 1.4 Pa·s (paskali-sekunde, kizio cha mnato), gololi ilitakiwa itumie kama sekunde 20. Yangu, 9. Nikarudia mara sita, 9 tu. Basi nikafuta, nikaandika 19. Mwalimu hakusema neno, alitumbukiza kipimajoto: nyuzi 30. Ile 1.4 ni ya nyuzi 20. Gliserini ikipata joto huwa nyepesi, na kufika 30 mnato umeshuka chini ya nusu. Kaskazi ya Februari, paa la mabati, nyuzi 20 ningeitoa wapi? Jibu sahihi nalikuwa nalo, nikalifuta kwa mkono wangu. Nyinyi je?

Bint Kisauni: Mie nalitia kipenyo pahali pa nusukipenyo. Kwenye kanuni ya Stokes, ile ya kupata mnato kwa mwendo wa gololi, r (nusukipenyo) iko kipeo cha pili, mnato ukatoka mara nne. Mwenzangu akaniuliza kama twapima gliserini ama lami.

Mzee wa Feri: Nyinyi wa mnato mna raha. Chaji ya umeme ndiyo kesi! Fimbo ya plastiki twaisugua kwa sufu mpaka bega lauma, vikaratasi wala havishtuki. Hewa yetu ina unyevu, fimbo yafanya utando wa maji, chaji yote yavujia humo. Fundi wa maabara akaleta mashine ya kukaushia nywele ya mkewe, akaipuliza fimbo na elektroskopu, kile kifaa cha kuonyesha chaji. Kusugua mara moja tu, jani la dhahabu la elektroskopu likainuka. Tangu siku hiyo watu wa saluni nawaheshimu.

Bint Kisauni: Mzee wangu, hayo mambo mawili ni ndugu. Mwanafizikia Millikan alipima chaji ya elektroni kwa matone ya mafuta yakishuka hewani, na hesabu yake yategemea mnato wa hewa. Aliotumia ulikuwa mdogo kidogo, ndiyo 1913 akapata 1.592 × 10⁻¹⁹ kulomu (kizio cha chaji) badala ya 1.602. Naye pia hakuyachapisha matone yote aliyopima!

Mwenye uzi: 😂 Nimesikia, dada. Mdogo wangu kasoma zote, ana swali moja tu: gololi 12 zimelala chini ya silinda, azitoeje bila kumwaga?

Mzee wa Feri: Sumaku, aipandishe kwa nje ya kioo. Polepole lakini, akienda mbio zitabaki njiani.