Mtoto hodari wa sataranji ndiye mwenye akili zaidi? (uchaguzi wa kundi la hesabu, Amu)

maalim_langoni

Assalam aleikum waungwana. Hapa Amu (Lamu) limetolewa pendekezo: watoto 32 wa gredi ya 5 na ya 6 wacheze mashindano ya sataranji (chesi) mwisho wa muhula, raundi 5, na 12 wa juu waingie kwenye kundi la ziada la hesabu na sayansi. Wenye pendekezo wanasema mtihani wa hesabu humbeba mtoto wa tuisheni, ilhali sataranji hupima akili yenyewe, mtoto na ubao wake.

Naomba wajuzi mnisaidie mambo mawili. Ushindi wa sataranji ni dalili ya akili kweli, au ya mazoezi tu? Na kama ni mazoezi, kuna njia ya kuwaonyesha wanakamati kwa macho yao? Karatasi za utafiti hawatazisoma.

kitunda_h7

Waaleikum salaam, maalim. Uhusiano upo, ila ni mdogo kuliko sifa zake. Mwaka 2016 Alexander Burgoyne na wenzake walikusanya pamoja tafiti zilizopima akili na kiwango cha sataranji kwa watu walewale. Uhusiano huo hupimwa hivi: 0 ni hakuna kabisa, 1 ni kamili. Kwa uwezo wa kufumbua mambo mapya ulitoka 0.24. Zidisha 0.24 kwa 0.24, unapata kama asilimia 6. Yaani katika tofauti zote za kiwango zilizopo baina ya wachezaji, sehemu inayokwenda sambamba na akili ya namna hiyo ni asilimia 6. Nyingine zote zinatafutiwa sababu kwingine.

Walipotenganisha umri, watoto walipata 0.32 na watu wazima 0.11. Inaeleweka. Siku za mwanzo hakuna ajuaye kitu, basi anayeshika upesi hutangulia. Ukubwani mashindano ni ya nani ana hazina kubwa zaidi kichwani.

Hazina ya nini? Ya sura za ubao. Mholanzi Adriaan de Groot aliligusa hili tangu 1946: mabingwa hawakuwa wakichungulia mbele hatua nyingi kupita wachezaji wazuri wa kawaida, bali waliona mapema hatua ipi inafaa kufikiriwa. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wakaonyesha kwa nini. Bingwa alitazama ubao wa mchezo halisi kwa sekunde 5, akakumbuka kete kama 16 kati ya 24 hivi. Asiyejua alikumbuka kama 4. Kisha kete zilezile zikatawanywa ovyo, na bingwa akaporomoka hadi karibu sawa na yule wa mwanzo. Kumbukumbu yake haikuwa kubwa kuliko ya wengine. Alichokuwa nacho ni kujua sataranji.

Nahodha anayepita mkondo wa Mkanda, baina ya Manda na bara, usiku maji yakiwa yametoka anajua kila fungu la mchanga lilipo. Mpeleke Ziwa Victoria, atauliza njia kama mgeni mwingine yeyote.

ngome_mbili

Kitunda, usiharakishe. Hiyo 0.11 ya watu wazima ina kasoro: wanaopimwa ni wachezaji wenye viwango rasmi, watu ambao wameshachujwa. Waliochoka kwa kutoelewa waliacha zamani, hawamo kwenye hesabu. Ukiwapima waliobaki tu, akili itaonekana haina kazi hata kama ndiyo iliyowachuja.

Nakubali hata hivyo kwamba mazoezi yana uzito mkubwa. Merim Bilalić, Peter McLeod na Fernand Gobet (2007) waliwafuata watoto 57 wanaocheza. Kitu kilichobashiri kiwango kuliko vyote ni mazoezi. Na walipowatazama 23 waliokuwa bora kabisa, wenye akili ya juu hawakuwa wachezaji bora. Mwelekeo uligeuka kinyume, kwa sababu kwenye kundi hilo wao ndio waliofanya mazoezi kidogo. Lakini mazoezi nayo hayalipi kila mtu sawasawa. Gobet na Guillermo Campitelli walipowauliza wachezaji wa Argentina, mmoja alifika kiwango cha bingwa kwa saa kama 3,000 na mwingine kwa zaidi ya 23,000. Tofauti kubwa hivyo haielezwi na bidii peke yake.

Kwa hiyo swali la maalim lijibiwe hivi: watoto wawili wakianza siku moja, kwa mwalimu mmoja na muda mmoja, anayetangulia anakwambia kitu kuhusu uwezo wake. Kama hukujua kila mmoja ameanza lini na nyumbani anacheza na nani, ushindi wake haukwambii lolote la maana.

maalim_langoni

Ahsanta sana wote. Kuanza ndipo penye tatizo. Wengine wanacheza kwenye simu tangu gredi ya 2, wengine wameuona ubao muhula huu. Hilo jaribio la sekunde 5 naweza kulifanya hapa shuleni?

kitunda_h7

Unaweza, na litawashika wanakamati kuliko hotuba yoyote. Tafuta mbao mbili na seti mbili.

Chukua michezo 4 halisi, usimamishe kila mmoja baada ya hatua kama ya 20, uhakikishe kete zimebaki 22 hadi 26. Usichukue nafasi za mwanzo wa mchezo. Hapo kete nyingi bado ziko nyumbani na kila mtu atazikumbuka. Panga moja, ifunike kwa kitambaa, fungua, hesabu sekunde 5 kwa simu, funika. Mtoto apange alichokiona kwenye ubao wa pili. Kete za kupangia ziwe zimemwagwa mezani nje ya ubao, nyingi kuliko zinazohitajika, vinginevyo atajua idadi kwa kuangalia zilizosalia. Hesabu ile tu iliyo sahihi kwa aina, kwa rangi na kwa nyumba yake (mraba wake wa ubao). Ya nyumba jirani ni sifuri.

Kisha nafasi 4 za ovyo. Usizipange kwa mkono, maana mkono unaojua mchezo hurudia mpango bila mwenyewe kujua. Andika majina ya nyumba 64 kwenye vikaratasi, vitie kofiani, vuta kimoja kwa kila kete. Vitunda, zile kete ndogo za mstari wa mbele, vitaangukia mstari wa kwanza, askofu wawili watakaa rangi moja. Acha hivyohivyo, ndiyo maana yake. Changanya za halisi na za ovyo, usitangulize zote za aina moja, na mtoto akae upande uleule kila mara.

Watoto watatu wazoefu na watatu wapya wanatosha. Ila usiwaahidi wanakamati kwamba kwenye za ovyo watalingana kabisa. Gobet na Simon walirudia suala hili 1996 wakakuta wazoefu bado wanatangulia kidogo, kwa sababu hata kwenye vurugu huzuka vikundi viwili vitatu vinavyofahamika. Kutangulia kwenyewe ni kwa kete chache sana.

komwe64

Yakhe, mbona hamwendi barazani? Pale Mkunguni mna mafundi wa bao ambao ukiwapa sataranji wataacha malkia wazi hatua ya sita.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mkianza kila mmoja ana 10 ubaoni (6 kwenye shimo liitwalo nyumba, 2 na 2 kwenye mashimo mawili yanayolifuata kuliani) na 22 mkononi. Fundi akinamua, yaani akitia kete ya mkononi, kete moja inaweza kula, ikapandwa, ikaendelea, ikala tena, ikazunguka hadi kuibadili nusu ya ubao, na yeye kabla hajagusa ameshajua itakomea wapi. Alexander de Voogt aliandika tasnifu nzima juu ya ufundi huo, Leiden 1995, baada ya kukaa na mabingwa wa Unguja. Hesabu ya namna hiyo ni akili, hakuna wa kuikana. Mbona basi haihamii kwenye sataranji?

Kwa sababu jicho limezoea vitu tofauti. Kwenye sataranji, farasi ni farasi mpaka aliwe, na akiliwa anatoka ubaoni. Kwenye bao kete zote ni sawa, ukila zinakuwa zako na zinabaki ubaoni, na nguvu ya shimo ni idadi iliyomo, ambayo hubadilika kila mkono. Fundi amehifadhi idadi na mizunguko. Farasi hana pa kumweka.

saa_na_ubao

Mimi nazungumzia mashindano yenyewe, maana hata kama sataranji ingekuwa kipimo halali cha akili, mpango huu ungechagua vibaya.

Watoto 32, raundi 5, kila raundi mshindi hukutana na mwenye pointi sawa naye. Chukulia hakuna sare. Mwisho utapata mmoja mwenye 5, watano wenye 4, kumi wenye 3, kumi wenye 2, watano wenye 1, mmoja mwenye 0. Mnataka 12. Sita wa kwanza wako wazi. Nafasi sita zilizobaki zinagombaniwa na watoto kumi wenye pointi 3 sawasawa, na kinachowatenganisha ni jumla ya pointi za wapinzani wao, yaani upangaji wa raundi ya kwanza. Nusu ya kundi la hesabu itapatikana kwa bahati ya karatasi. Kuongeza raundi mpaka 7 hupunguza tatizo, hakuliondoi.

La pili, kwa watoto wapya mchezo huamuliwa na mitego. Mtego unaovuna zaidi ni ule wa hatua nne: (herufi na namba ni jina la nyumba ya ubao) mweupe kitunda e4, askofu c4, malkia h5, kisha malkia anakula f7 na mfalme amefungwa. Mtoto aliyeuona mara moja kwenye simu atashinda raundi mbili nao. Mweusi akishatoa kitunda e5 na farasi c6, dawa ni kitunda g6 mara malkia anapofika h5. Akirudi f3 kutishia f7 tena, farasi f6 anaumaliza mtego. Lakini malkia akitoka mapema, hatua ya 2, kabla farasi hajafika c6, hiyo g6 ni sumu: malkia anakula e5, anamtishia mfalme na ngome ya h8 kwa pamoja. Hapo kwanza farasi c6, kulinda kitunda. Dakika kumi za somo zinafuta mtego huu wote. Kipimo cha akili kinachofutwa kwa somo la dakika kumi si kipimo.

Na saa: umesema raundi 5 lakini hukutaja muda. Kwa dakika 5 kila mmoja, aliyezoea kubonyeza ndiye hushinda, wengine husahau saa inakwenda. Chini ya dakika 15 kwa kila mchezaji usiite mashindano ya kufikiri.

ngome_mbili

Nyongeza fupi, maana najua itaulizwa kikaoni: "basi tuwafundishe wote sataranji, hesabu itapanda." Uingereza walijaribu kwa shule 100, watoto wa miaka 9 hadi 10, masomo ya sataranji ya saa 30, ndani ya saa za darasa. Ripoti ilitoka 2016. Mwaka mmoja baada ya masomo, hesabu yao haikuwa tofauti na ya wenzao. Wafundisheni kwa sababu ni mchezo mzuri.

maalim_langoni

Nimeelewa, na hesabu ya wale kumi wenye pointi 3 naipeleka kikaoni kama ilivyo. Sasa wataniuliza: badala yake nini?

saa_na_ubao

Mtihani wa hesabu usiuache, na maoni ya mwalimu wa darasa yawepo. Juu yake weka kitu ambacho hakuna tuisheni yake. Tumia komwe. Weka 21 mezani, wawili mnapokezana, kila zamu unachukua 1, 2 au 3, anayechukua ya mwisho ameshinda. Mtoto aanze daima, acheze na mtu mzima anayejua siri, mara 10. Siri ni kumwachia mwenzako idadi inayogawanyika kwa 4, basi mtoto akianza kwa kuchukua 1 anaweza kushinda. Andika ni mchezo wa ngapi alioanza kushinda, kisha muulize kwa nini. Maelezo yana uzito kuliko ushindi. Yupo atakayebahatisha mara moja asiweze kurudia.

Siri itavuja kabla ya mapumziko ya saa nne, kwa hiyo badilisha namba kwa kila zamu ya watoto. Kundi la pili: komwe 23, kuchukua 1 hadi 4, siri inahamia kwenye 5 na mtoto anaanza kwa 3. Kundi la tatu: komwe 20, kuchukua 1 hadi 5, siri ni 6, anaanza kwa 2. Aliyenong'onezwa "anza na moja" ataanza na moja kwenye 23 na kupotea, na aliyeielewa sababu atakaa kimya kidogo ahesabu upya. Msimamizi awe mmoja kwa makundi yote, na afanye mazoezi kwanza, kwa sababu akikosea yeye hata mara moja mtoto atashinda bila kujua chochote.