Naomba ushauri: kampuni inahamia Ethiopia, sisi tunasukumwa kusaini fomu

Hamjambo wanakikundi. Nimefungasha maua hapa Naivasha miaka 9, kwa kandarasi za mwaka mmoja mmoja. Sasa mwajiri anahamishia kazi Ethiopia. Ijumaa tuliitwa mmoja mmoja, fomu mezani, kalamu juu yake: eti tunaondoka kwa hiari, tulipwe mshahara wa mwezi mmoja. Sikusaini. Najua Sheria ya Ajira ya 2007 inataka chama cha wafanyakazi na afisa wa leba wajulishwe mwezi mzima kabla, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa kazi. Mwakilishi wa chama hashiki simu (makato yake lakini hayajawahi kukosa!). Je, kandarasi zangu zitahesabiwa kama miaka 9 mfululizo? Na wenzangu waliosaini bado wana njia?