Mjadala: Majaruba ya chumvi yaliyoachwa Bagamoyo, tupande mikoko au tubomoe matuta?

Ndugu zangu wa Bagamoyo na pwani yote, jambo hili linaniuma. Kila mara tunakusanyana, tunachomeka miche ya mkoko kwenye matope, tunapiga picha, tunaondoka. Ukirudi mwakani unakuta vijiti vikavu.

Mimi nasema kwenye majaruba yaliyoachwa, yale mabwawa ya kukaushia maji ya bahari yapate chumvi, tusianze na kupanda. Tuanze na matuta yanayoyazunguka.

Kasimame ndani ya jaruba la zamani. Ardhi imepasuka, juu ina utando mweupe wa chumvi, hata kaa hachimbi. Tuta bado limeziba, maji hayaingii wala hayatoki. Mche utaishije hapo? Lakini nimeona jaruba ambalo masika ilibomoa tuta, upana wa hatua tatu hivi. Bamvua, yaani maji makuu ya bahari, linaingia, na pale mdomoni michu, aina mojawapo ya miti ya mikoko, imejiotea, mirefu kunifika goti. Hakuna aliyeipanda. Mchu unavumilia chumvi kali, na mizizi yake ya kupumulia, iliyochomoza kama penseli, inanasa matope na mbegu zinazoelea. Miti ya aina nyingine inaukuta umeshaandaa mahali.

Ufilipino walipanda hekta zipatazo 44,000. Watafiti Primavera na Esteban waliandika mwaka 2008 kwamba iliyopona ilikuwa kama asilimia 10 hadi 20 tu. Walichomeka mkoko wenyewe, ambao ni aina moja tu ya miti hii, kwa kuwa mche wake ni rahisi kuushika, mahali ambapo kwa asili hutangulia mchu na mlilana, aina nyingine za miti hii. Si ndicho tunachofanya sisi?

Kuna watakaosema kusubiri ni uvivu. Ni kweli, msitu ukifyekwa wote, hakuna mti mama wa kudondosha mbegu, na mkoko ukikatwa shina hauchipui tena kama mchu. Hapo tupande, sina ubishi. Tena kina mama wenye vitalu wanaishi kwa miche hiyo. Sitaki wapoteze riziki. Walipwe basi kufungua mikondo, na kuangalia kinachoota.

Linalonishinda ni hili: tuta ni la nani? Mzee mmoja jirani yangu anasema ukilibomoa leo, kesho bei ya chumvi ikipanda mwenye jaruba atatokea na madai.

Wenyeji wa Kaole, Nunge na Mlingotini, majaruba yaliyobomoka kwenu yameota nini, na ilichukua miaka mingapi?