Tupeane uzoefu: siku uliyobaki na Mungu peke yake

mkazi_wa_kigogo: Radi za jana usiku zimenikumbusha Desemba 2011, mto Msimbazi hapa Dar ulipotuingilia ndani. Watoto tulipandishwa juu ya kabati, bibi anavuta uradi huku maji yanamfika magotini. Nyie wenzangu mlivukaje? Tupeane uzoefu.

mama_wawili: Mvua ina afadhali, unaiona ikija. Mimi ni wa mabomu ya Gongo la Mboto, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka, 16 Februari 2011. Saa 2 na nusu hivi usiku nasonga ugali, mume yuko safarini. Mlio wa kwanza nikadhani transfoma. Wa pili, vioo vikamwagika sebuleni. Mdogo nikambeba mgongoni, mkubwa wa miaka 6 nikamfunga ncha ya khanga mkononi ili asinipotee, tukatoka hata mlango sikufunga. Barabara ya Pugu imejaa watu, wote wanakimbilia mjini, anga nyekundu. Pale Banana umati ukatusukuma. Nikavuta khanga, ikaja tupu.

Nilisali hapo hapo, kwa sauti, watu wananipita. Nikasema: Baba, mimi simwoni, wewe unamwona. Basi. Nilitaka kurudi nyuma, moyo ukakataa kabisa, ukaniambia fuata watu. Nikafuata mpaka Uwanja wa Uhuru. Kulipopambazuka nikamkuta kalala mapajani kwa mzee mmoja, kanzu yote vumbi. Mzee alimbeba tangu njiani. Kila akimuuliza mama yako anaitwa nani, mtoto anajibu, "Mama."

kaka_temeke: Amina. Mwili umenisisimka.

mwana_mbagala: Namshukuru Mungu kwa mwanao, dada. Ila tuwe waangalifu na hili neno "Mungu alinilinda". Mabomu ya Mbagala, nayo ya ghala la jeshi, Aprili 2009, tulimzika jirani ambaye sala tano hazikumpita. Yeye hakulindwa?

mama_wawili: Sijasema nilistahili kuliko yeye. Nasimulia yaliyonikuta.

mwana_mbagala: Nimekuelewa. Nami bado linaniuma.

mswahili_ilala: Poleni nyote. Mtume (s.a.w.) alimwambia yule bedui amfunge ngamia kwanza, ndipo atawakali. Soma Ayatul Kursiyu ukilala, na ufunguo ujue ulipo hata gizani.

dada_kimara: Zaburi ya 121 imenitosha miaka yote. Na mlipuko ukitokea msikimbie ovyo, laleni chini mbali na dirisha.

kaka_temeke: Ulale chini na nyumba inaungua? Kimbia dada, zaburi utaimalizia njiani!

mkazi_wa_kigogo: Bibi yangu baada ya mafuriko yale walimhamishia Mabwepande, nje ya bonde. Mpaka leo wingu likitanda anapiga simu: mmepandisha vitu?

binti_wa_segerea: Mama wawili, yule mzee mlionana tena?

mama_wawili: Alikuwa fundi cherehani, Vingunguti. Sare za shule za wanangu kashona yeye zote, fedha hakutaka. Mwaka juzi amefariki. Mwanangu alibeba jeneza, na sisi Walutheri tulikaa mkekani msibani siku zote tatu.