Zebaki kwenye nywele za wachenjuaji: nioshe sampuli au nisioshe?

Kijana wa Maabara: Habari wakuu. Nina nywele za wachenjuaji wa dhahabu wa Geita, nataka kujua zebaki iliyomo mwilini. Sampuli ya mtu mmoja nimeigawa mafungu mawili, moja nikaliosha na jingine nikaliacha. Majibu yamepishana vibaya. Nishike lipi?

Mzee Pipeti: Mdogo wangu, yote mawili yana mashaka. Hao wanachoma zebaki iliyoshika dhahabu juu ya mkaa huku wameinama, mvuke unatua kichwani na kung'ang'ania. Ile njia ya kuosha ya IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, yaani asetoni mara moja, maji mara tatu, kisha asetoni tena, inatoa vumbi, jasho na mafuta. Mvuke ulionasa hautoki wote. Ukizidisha makali, unaanza kutoa na ile iliyotoka ndani ya mwili. Kwa mtu anayechoma, pima mkojo pamoja na kreatinini, taka ya misuli inayokuonyesha mkojo una maji mengi au machache. Nywele zinafaa zaidi kwa zebaki ya methili, ile ya kwenye samaki, maana inaingia unywele ukiwa bado unaota. Nenda kwa walaji wa sangara wasiokanyaga mwaloni, yaani pale dhahabu inapochenjuliwa, hapo nywele zitakufaa.

Mama Kemia: Na uulize nani anapaka mkorogo! Baadhi ya hizo krimu zina zebaki, atakuvurugia hesabu mtu ambaye hata dhahabu hajaishika.

Kijana wa Maabara: Asanteni. Tatizo jingine, wanaume wengi wamenyoa, nywele hazifiki sentimita moja.

Mzee Pipeti: Sentimita moja ni kama mwezi mmoja, basi ripoti wiki chache tu. Kata kisogoni, usawa wa ngozi. Usiokote sakafuni kwa kinyozi, tafadhali. Yeyusha kwa asidi ya nitriki kwenye chombo kilichofungwa. Zebaki ni tete, ukichemsha wazi inapaa na unabaki na namba ndogo, nzuri, ya uongo. Kila kundi la sampuli liwe na chupa moja isiyo na nywele, uone kama vifaa vyenyewe vina zebaki, na unga wa nywele ambao kiasi chake cha zebaki kimeshathibitishwa. Namba ya unga huo isipolingana na iliyothibitishwa, rudia kundi zima, hata kama bosi anasubiri.

Kijana wa Maabara: Na mkojo?

Mzee Pipeti: Chupa ya plastiki iliyolowekwa kwenye tindikali, kisha barafu. Usiuchukulie pale mwaloni. Anawe mikono na abadili nguo kwanza.